Mabati Yanayotekenya

Ukiitwa nyumbani kwa mtu kufunga runinga, usianze na runinga. Iache kwenye boksi lake. Simama mlangoni kwanza, mikono mfukoni, uiangalie nyumba kama unavyomwangalia mbwa usiyemjua.

Najua mtacheka. Nimezeeka nikichekwa. Kule Kawangware, kwenye kibanda nilichotengenezea runinga miaka mingi, mafundi wenzangu waliniita Mathe Woga. Wateja wa Kibera waliniita Mathe Antena. Niliyaitikia majina yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwa ya kweli. Sasa nimeacha kazi, magoti yamekataa ngazi, lakini woga haujastaafu. Nikitaka kubisha hodi kwa jirani, vidole vinasita hewani, na kitu kifuani kinakaza kama skrubu inayozungushwa mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Nataka niwaambie woga huo una kazi gani, nyinyi mnaobeba skrini begani siku hizi, mkiwa na simu zinazowaonyesha kila kitu isipokuwa kilicho nyuma ya ukuta.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Abdalla wa Makina, aliyekuwa na meza yake ya redio na runinga karibu na msikiti. Nilienda kwake nikiwa msichana niliyetoka Bungoma juzi tu, nikidhani nitapewa kifaa cha kulehemu siku hiyo hiyo. Badala yake alinifundisha kuingia nyumbani kwa watu.

"Binti," alisema, "nyumba ya mawe ni nyumba. Ploti ya mabati, vyumba vimeshikana ukuta kwa ukuta, ni kitu kimoja. Ukiigusa hapa, kule mwisho wameguswa."

Alikuwa na testa, ile bisibisi nyembamba yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ukiiweka kwenye chuma chenye stima, taa inawaka. Mzee aliiweka kwenye mlango, kwenye waya wa kuanikia nguo, kwenye kitanda cha chuma, hata kwenye sufuria iliyoning'inia ukutani. Wenye nyumba walinuna. Mama mmoja alimwuliza kama amekuja kufunga TV au kupima ploti malaria. Mzee akamjibu kwa upole kwamba amekuja kufunga TV kwa mtu atakayekuwa hai kuitazama.

Kama hujakaa kwetu, nikueleze. Ploti nyingi zinapata stima ya sambaza, yaani mtu amevuta waya kutoka kwa mtu aliyevuta kutoka kwa mtu. Sisemi kwa dharau. Chai niliyokunywa maisha yangu yote, sehemu kubwa imechemshwa na stima hiyo. Lakini waya wenyewe unapita chini ya paa, umefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na paa la mabati lina kingo kali. Upepo ukivuma paa linacheza, na likicheza linakwaruza. Siku moja ngozi ya waya inaisha, na shaba inalala kwenye bati kama mtu aliyefika nyumbani.

Hapo mabati yanaanza kutekenya. Ndivyo watu wanavyosema. Unaegemea ukuta, unahisi kama chungu wanatembea kwenye kiganja. "Aah, inatekenya tu kidogo." Watoto wanafanya mchezo, wanashikana mikono kwenye mstari ili wa mwisho aruke. Katika kazi yangu nimesikia matusi ya kila aina, nimesikia vitisho, lakini neno lililonitia baridi kuliko yote ni hilo la kutekenya. Maana aliyetekenywa alikuwa amevaa kandambili, amesimama pakavu. Hajaulizwa bado na mvua.

*

Msifikiri kazi yote ilikuwa hofu. Kuna kinyozi wa Kawangware aliyenunua skrini kubwa kuliko kioo chake, akataka itundikwe ukutani. Ukuta ulikuwa bati moja tu, upande wa pili ni chumba cha mama muuza mitumba. Nilimwambia bati halibebi, tutafute mbao mbili wima, tuzikaze sakafuni na juu, tutundike hapo. Akasema nina woga, akaita kijana mwingine. Kijana akapiga skrubu ndefu nne. Wiki iliyofuata nikapita nikamkuta mama wa mitumba ana furaha sana, akanionyesha vile kinyozi alivyomfanyia wema wa kumwekea misumari minne ya kutundikia makoti. Makoti ya baridi, mazito. Upande wa pili skrini ilikuwa imeanza kuinama taratibu kama mtu anayesinzia kanisani. Tuliwahi.

Na kuna mwenye hoteli aliyeniita kwa hasira kwamba ameuziwa runinga feki. "Wameniambia ni HD, mathe. Angalia! Hiyo ni HD ya wapi? Hata ng'ombe wangu wa Nyamira angekuwa na picha safi kuliko hii." Nilienda nyuma ya skrini nikakuta ameunganisha king'amuzi kwa ule waya wa zamani wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Picha ilikuwa inatoka kwenye king'amuzi ikiwa nzuri, inapita kwenye waya huo kama maji mengi kwenye mrija mwembamba, inafika imechoka. Nilichomoa, nikachomeka ule mpana wa HDMI uliokuwa bado umefungwa kwenye karatasi yake ndani ya boksi. Wateja wote waliacha kula. Mmoja akasema, "Kumbe huyo msomaji wa habari ana chunusi!"

Hiyo ndiyo HD, watoto wangu. Kuona chunusi. Kwa watu wengi si zaidi ya hapo, na hakuna ubaya. Lakini kuna nyumba moja Kambi Muru, Kibera, ambako ilikuwa ni jambo jingine kabisa.

*

Mama Akinyi alikuwa anafua nguo za watu mitaa ya mbali na kurudi jioni. Binti yake Akinyi ni kiziwi tangu utotoni. Alikuwa anasoma shule ya bweni ya watoto viziwi, na huko alijifunza lugha ya ishara vizuri, vidole vinakimbia. Tatizo lilikuwa likizo. Mtoto alikuwa anarudi nyumbani na lugha ambayo mama hana. Wao wawili walikuwa na ishara zao za tangu zamani, za jikoni: kula, lala, njoo, moto, maji. Ukiwa na miaka mitatu zinatosha. Akinyi alikuwa darasa la sita.

"Anakuja na maneno mengi, mathe," Mama Akinyi aliniambia siku alipokuja kibandani kwangu. "Ananiongelesha, ananiongelesha, halafu anaona sielewi. Anaacha. Hiyo kuacha ndiyo inaniua."

Akawa ameona kitu. Kwenye taarifa ya habari kuna yule mkalimani anayesimama pembeni kwenye kidirisha kidogo, anageuza habari kuwa ishara. Mama Akinyi alikuwa amefikiri hivi: yeye atasikia neno kwa masikio, na papo hapo ataona mkono unalisemaje. Neno na mkono, neno na mkono, kila siku, mpaka mtoto arudi likizo ijayo amkute mama anajibu. Lakini runinga yake ilikuwa ile ya zamani yenye mgongo. Juu yake mkalimani alikuwa kivuli kinachopunga. Vidole havikuonekana kabisa.

"Nataka ile inaonyesha vidole," alisema.

Nimefunga runinga za mpira, za harusi, za baa. Sijawahi kuambiwa sababu nzuri kuliko hiyo. Na nadhani ndiyo maana niliogopa zaidi tangu mwanzo. Kitu kikiwa na maana kubwa kwa mtu, anaharakisha, na mtu anayeharakisha haangalii paa.

Pesa za runinga zilichelewa, kwa hiyo nilienda asubuhi ya Jumamosi, likizo imeshaanza. Usiku ulikuwa wa mvua na kijia cha ploti kilikuwa tope jembamba kati ya kuta mbili za mabati, milango inatazamana. Mama Akinyi alinipokea na kandambili zake, anang'aa uso. Runinga ilikuwa mezani, ndani ya boksi, amelifunika na kitambaa cha kochi kama mgonjwa. Akinyi alikuwa ameenda kuchota maji.

Antena ilikuwa tayari, ya zamani, juu ya mlingoti wa chuma uliopigiliwa kwenye paa. Waya wake ulishuka kupitia tundu la dari na kuning'inia juu ya meza, kichwa chake cha chuma kikiwa wazi. Mama Akinyi alinyoosha mkono anipe.

"Ngoja," nikasema.

"Nini?"

"Ngoja tu, mama."

Nilitoa testa nikaigusisha kwenye kichwa cha ule waya. Taa ikawaka.

Sikilizeni vizuri hapa. Runinga ilikuwa kwenye boksi. Hakuna kitu tulichokuwa tumechomeka popote. Waya wa antena unashuka kutoka kwenye mlingoti, na mlingoti umekaa kwenye paa. Kama stima iko kwenye ule waya, imetoka kwenye paa. Na kama iko kwenye paa, basi iko kwenye kuta, kwenye mlango, kwenye waya wa nguo, kwenye ploti nzima. Nilisogea mlangoni, nikaweka testa kwenye bati. Taa ikawaka kwa ukali, kama jicho.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Hiyo? Inatekenya tu kidogo. Tangu juzi. Hata Akinyi alikuwa ananionyesha, anafanya hivi na mkono..." Alitetemesha vidole. Kisha nikaona uso wake unabadilika, taratibu, kutoka juu kwenda chini. "Mathe. Anakuja saa hii."

"Si aingie tu? Mlango uko wazi."

"Haingii hivyo." Alinyooshea kidole kona ya nje. "Hawezi kusikia nikimwambia karibu. Anaweka kiganja kwenye bati, hapo nje, kwenye kona. Mimi nabisha kutoka ndani, yeye anasikia kwa mkono. Tunafanya hivyo tangu akiwa mdogo. Hajawahi kupita bila kuweka mkono."

Niliangalia nje. Akinyi alikuwa ameshakata kona, anakuja kwenye kijia, mtungi wa maji unamlowesha mguu kwa kila hatua. Miguu yake ilikuwa mitupu. Alikuwa amevua kandambili kwa sababu ya tope na kuzishika mkono mmoja.

Mama Akinyi alipiga kelele. "Akinyi! Akinyi! Usiguse!" Nimesikia kelele nyingi kwenye ploti za Kibera, na hiyo ndiyo bado naisikia: mama anayemwita kwa sauti yake yote mtoto anayejua kwamba hasikii. Milango yote ilifunguka isipokuwa masikio ya Akinyi. Yeye aliangalia chini, anachagua pa kukanyaga.

Sikuweza kutoka haraka. Mlango ulikuwa mwembamba na fremu yake ni ya chuma. Niligeuka, nikashika kilichokuwa karibu. Mnayajua yale matofali meupe mepesi yanayoishikilia runinga ndani ya boksi. Nilichomoa moja nikalirusha kupitia mlangoni. Likampata Akinyi begani.

Alisimama. Akaangalia lile tofali jeupe kwenye tope. Akaniangalia mimi. Akacheka! Alidhani ni mchezo, bibi mgeni anamtania. Akaweka mtungi chini, akalichukua tofali, akanirushia. Lilinipita sikioni. Kisha, bado anacheka, akapiga hatua hadi kwenye kona na kuinua kiganja kilicholowa maji.

Mama Akinyi alijitokeza mlangoni katikati, mikono ameikunja kifuani asiguse kitu, na akafanya ishara ya jikoni. Aligusa hewa kwa ncha za vidole, akavitoa haraka, akavipuliza. Fuu, fuu. Moto. Ishara ya mtoto wa miaka mitatu mbele ya jiko.

Kiganja cha Akinyi kilibaki hewani. Upana wa sabuni kati yake na bati. Akatafuta moto kwa macho, juu, chini. Hakuona moto. Akamtazama mama yake kama mtu mzima anavyomtazama mtu aliyesema upuuzi. Mama akarudia. Fuu. Akaonyesha bati. Fuu. Akaonyesha bati la upande wa pili. Akaonyesha kila mahali. Kisha akaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa, na Akinyi, pole pole, akaweka yake.

Akabaki hapo, miguu kwenye maji, kati ya kuta mbili zenye stima, mikono kichwani kama aliyekamatwa.

*

Jirani wa mlango unaofuata anaitwa Baba Brayo, fundi wa mawe, mtu mkubwa mwenye roho safi na kelele. Alitoka amevaa gambuti zake, zile buti ndefu za mpira.

"Nini mbaya? Nani amekufa?"

"Usiguse mabati!"

"Aah, mathe, hiyo ni kawaida. Si inatekenya tu?" Na akanyoosha kidole anionyeshe. Alikigusisha kwenye ukuta wake mwenyewe, huku akitabasamu. "Ona sasa."

"Umevaa gambuti, Baba Brayo! Mtoto hana viatu! Amesimama kwenye maji!"

Tabasamu lilimtoka. Aliangalia miguu ya Akinyi, akaangalia gambuti zake, akaangalia kidole. Alichomoa simu akampigia Kevo, kijana anayesambaza stima pande hizo. Simu ikasema mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja bado hapatikani.

"Huyu mteja nitamla," alisema, akaanza kukimbia, akipita katikati ya kijia, mikono juu, kama mtu anayevuka mto.

Tulingoja. Sijui ilikuwa muda gani na sitaki kujifanya najua. Majirani walisimama kwenye vizingiti vyao, kila mtu amejikunyata, hakuna anayeegemea chochote. Mtu mmoja alikuwa na redio inacheza injili. Mikono ya Akinyi ilianza kuchoka. Kila iliposhuka kidogo mama yake aliinua yake juu zaidi, na mtoto akamfuata. Kulikuwa na upepo. Shuka lililoanikwa kwenye waya lilikuwa linapepea karibu na shavu lake, na lilikuwa bichi. Sijawahi kuchukia shuka hivyo.

Halafu redio ikanyamaza katikati ya wimbo. Taa zilizokuwa zinawaka mchana kwenye vyumba zikazima, kwa mpigo mmoja, ploti nzima. Niliweka testa kwenye mlango. Giza. Niliweka tena. Giza. Nikaweka mara nyingine kwa sababu mimi ni mimi.

"Sasa," nikasema.

Mama Akinyi aliruka ule mlango. Walishikana pale kwenye tope, na Akinyi, ambaye hakuwa ameelewa chochote, alikuwa anampapasa mama yake mgongoni kumtuliza.

Kevo alipokuja na ngazi yake ya mbao tuliona kilichotokea. Baba Brayo alitaka kuona mpira, akasimamisha mlingoti wake mwenyewe wa antena juu ya paa, na msumari wake mmoja ulipita katikati ya waya wa sambaza uliolala chini ya bati. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Baadaye alimletea Akinyi soda, akaishika chupa muda mrefu kabla ya kumpa.

*

Sasa, jambo nililotaka kuwaambia hasa ni lililofuata, kwa sababu hapo ndipo fundi anapimwa.

Kevo aling'oa ule msumari, akafunga pale kwa utepe, akasema anarudisha stima. Mama Akinyi akajifuta macho, akanigeukia.

"Haya mathe, weka sasa."

"Leo siweki."

"Kwa nini? Si ametengeneza?"

"Amefunika. Mlingoti wako bado uko juu ya bati. Siku mtu mwingine akipiga msumari, inarudi ile ile."

"Likizo ni fupi!" Alipandisha sauti. "Unajua nimeingojea TV hii namna gani? Mathe, usiniogopeshe na mtoto wangu mwenyewe. Weka tu. Hata kama inatekenya, nitamwambia asiguse."

"Utamwambia na nini?"

Nilijuta mara neno liliponitoka. Ni kweli hakuwa na ishara za kutosha, na hilo ndilo lililomfanya anunue runinga. Aliingia ndani akakaa kando ya boksi, na mimi nikafunga mfuko wangu nikaondoka nikijua huenda kesho atamwita mtu mwingine. Huwa kuna mtu mwingine. Usiku ule sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho niliona kiganja.

Hakumwita mtu. Siku mbili baadaye alinipigia simu akasema sentensi moja: "Niambie natakiwa kufanya nini."

Basi tulifanya hivi, na nyinyi mfanye hivi. Mlingoti wa antena tuliutoa kwenye paa. Tulitafuta nguzo ya mti mkavu, tukaichimbia ardhini nyuma ya nyumba, mbali na bati, antena juu yake, na waya wake ukaingia ndani kupitia kipande cha paipu ya plastiki. Waya wa stima nao tukamlazimisha Kevo aupitishe kwenye paipu, chumba kwa chumba, na kuweka kile kifaa kinachojikata chenyewe stima ikipotea njia. Alinung'unika sana. "Mathe, unataka nifungue kampuni ama?" Baba Brayo alisimama nyuma yake muda wote, mikono kiunoni, na kazi ikaisha.

Antena ya nguzo ilikuwa chini kidogo kuliko ya paa, kwa hiyo picha ilisumbua. Nyinyi hamjui, lakini zamani picha mbaya ilikuwa chenga tu, theluji juu ya sura ya mtu, na ukiwa na subira uliona. Tulikuwa tunageuza antena huku mmoja akipiga kelele kutoka ndani: "Bado! Bado! Hapo hapo! Umepitisha!" Ya kidijitali haina chenga. Ni safi kabisa, au inavunjika vipande vya mraba na kuganda. Siku hiyo ilikuwa inavunjika pembeni, chini, hasa alipo mkalimani. Mkono wake ulianza neno ukaganda katikati, vidole vikageuka matofali. Nilimwona Akinyi anainama mbele, anangoja mwisho wa lile neno. Halikuja.

Usikubali hapo. Fundi mvivu atasema network mbaya, atachukua chake. Niliingia kwenye menyu, nikafungua ule ukurasa wa nguvu ya mawimbi, nikamwita Baba Brayo aizungushe nguzo nyuma ya nyumba, kidogo, upana wa ukucha. Akinyi ndiye aliyekuwa anatazama mstari wa asilimia na kuinua dole gumba dirishani. Hakuna aliyepiga kelele. Kazi ya antena iliyofanyika kimya, sijawahi kuiona nyingine.

Na picha ilipotulia, mkalimani hakuwepo! Skrini nzima safi, msomaji habari anang'aa, lakini kile kidirisha kimekatwa nusu, kimebaki kiwiko. Mama Akinyi alinitazama kama nimemwibia. Ni kosa dogo ambalo wengi hawalioni. Runinga nyingi zinatoka dukani zimewekwa kukuza picha, zinakata kingo zote nne. Tafuta ukubwa wa picha, iambie ionyeshe picha nzima kama ilivyotumwa. Na ukiwa hapo, toa ile rangi kali ya dukani, punguza mwanga, maana mwanga mwingi unaunganisha vidole kuwa kiganja kimoja.

Mkalimani akatokea mzima. Alikuwa ni kijana mwenye shati jeusi, na ulimwona hadi kucha.

Ilikuwa taarifa ya saa saba mchana. Akinyi alikaa sakafuni, karibu, na mikono yake ilianza kusogea kidogo kidogo mapajani, anamrudia yule kijana kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Mama alikaa nyuma yake. Midomo yake ilikuwa inatamka kila neno, macho yanakimbia kutoka kwa sauti kwenda kwa mkono, na nikaona jasho kwenye paji la uso wake. Habari zilikuwa za haraka, maneno makubwa makubwa, serikali, bajeti, mahakama. Hakuna alilolishika. Niliona anaanza kukata tamaa.

Mwishoni wakafika kwenye hali ya hewa. Msomaji akasema mvua, na kijana wa shati jeusi akainua mikono na kuishusha, vidole vikitiririka. Akasema mvua tena. Mikono ikashuka tena.

"Mvua," alisema Mama Akinyi. Akainua mikono yake iliyojaa nyufa za sabuni, akaishusha, vidole vikitiririka vibaya vibaya.

Akinyi aliona. Aligeuka mzima. Akamshika mama mikono, akamrekebisha vidole, akamwachia. Mama akarudia. Mvua. Mtoto akarudia. Mvua. Walikuwa wanacheka wote wawili, mvua, mvua, na wakati huo huo matone ya kweli yakaanza kupiga paa juu yetu, tak, tak, kisha mengi.

"Nguo!" Mama Akinyi aliruka. Nguo za watu, alizobeba kuja kufulia nyumbani, kazi ya tangu alfajiri, zilikuwa nje kwenye waya. Alifika mlangoni kwa hatua mbili.

Akinyi alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya mlango, mikono ameitanua, bila kugusa bati upande wowote. Mama alijaribu kupita kushoto, mtoto akaenda kushoto.

"Toka, Akinyi! Zinalowa!"

Hakutoka. Alinitazama mimi, kisha akatazama mfuko wa suruali yangu, akanyoosha mkono. Nilimwashiria kwa kichwa kwamba ni salama: nilikuwa nimeshapima asubuhi, nguzo ni ya mti, waya uko kwenye paipu. Alitikisa kichwa. Mkono ukabaki umenyooka.

Nilimpa testa. Aliichunguza, akaigeuza mpaka akaishika nilivyokuwa nikiishika mimi, kidole gumba juu ya mpini. Alipima mlango. Alipima fremu, juu na chini. Akatoka na kupima bati la ukuta, hatua kwa hatua, uso karibu na ile taa ndogo isiyowaka, mvua inamwagika mgongoni kwake, hadi mwisho wa waya wa nguo na kurudi. Hakuharakisha hata kidogo. Nasi tulisimama mlangoni, mikono kifuani, tunamngoja, na nguo zote zikalowa.